Historia ya Yoeli Lemburis Simel, Mvumbuzi wa Mkono wa Yeyo

Wachungaji na wazee wa usharika, ndugu wafiwa, majirani wa Kikwe na wageni mliotoka Arusha mjini, Tengeru na Moshi, mimi ni Hans Simel, mdogo wa baba yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Naomba mnivumilie, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko tulivyozoea, na sehemu yake moja, ile ya kazi, ilibishaniwa katika kikao cha ukoo hadi juzi, ilipoamuliwa kwamba isomwe yote bila kupunguzwa. Sababu ya ubishi huo mtaisikia mahali pake.

Yoeli Lemburis Simel alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa Kikwe, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu Lemburis Simel na Mama Nashipae Lemomo, ambaye amekaa hapa mbele yetu. Alibatizwa katika usharika huu tarehe 25 Desemba 1983, na akapata kipaimara tarehe 7 Desemba 1997. Jina lake ni Yoeli, nalitamka hivyo kwa makusudi, kwa sababu katika karatasi nyingi zilizotoka ng'ambo aliandikwa Joel, naye kila mara alizirudisha zisahihishwe, hata pale mawakili walipomwambia kwamba anachelewesha mambo yake mwenyewe.

Alianza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kikwe mwaka 1991 na kumaliza mwaka 1997, na huko walimu walimpa jina la utani la Bwana Kwa Nini, jina ambalo hakulichukia. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2001 alisoma Shule ya Sekondari Makumira, kisha akajiunga na chuo cha ufundi hapa Arusha, alikohitimu fani ya elektroniki mwaka 2005. Baba yake alifariki mwaka uliofuata, na ng'ombe waliobaki waliuzwa kwa kauli ya Mama Nashipae ili mwanawe aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikopata shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2009.

Mwaka huohuo aliajiriwa na Ndugu Krunal Jayant Raval, mwenye duka la simu katikati ya mji wa Arusha, ambaye familia yake imefanya biashara mtaa ule tangu enzi za babu yake. Tarehe 1 Julai 2013 wawili hao walifungua kwa ubia karakana ya simu pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, Yoeli akiandika programu na kusimamia mafundi, na Ndugu Krunal akitunza mtaji na mikataba. Waliitana kaka na waligombana karibu kila siku, na wateja wa zamani wanajua kwamba ilipopita siku bila ugomvi, mmoja wao alikuwa safarini.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bibi Silantoi Saruni Mollel tarehe 17 Desemba 2011, katika kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Naserian, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2013, na Lemomo, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 2017.

Sasa nairudia kazi yake, kwa sababu ndiyo iliyobishaniwa.

Mwaka 2014 Yoeli alimnunulia mama yake simu ya kugusa. Mama Nashipae amelima vitunguu na nyanya kwa maji ya mfereji tangu aolewe, na kila aliyepeana naye mkono anajua mikono yake ilivyo. Simu ile ilimkataa. Aligusa kioo kwa kidole kimoja, kikanyamaza, akagusa kwa kidole kingine, kikanyamaza, akajaribu kwa kifundo cha kidole ikampigia mtu asiyemtaka, na mwishowe akamrudishia mwanawe akisema, "Chukua, hii inataka vidole vya watu wa ofisini." Wanawake wengine wa Kikwe walikuwa na shida hiyohiyo, wakawa wanawapa watoto wa shule simu zao ili wawabonyezee, na kwa njia hiyo siri zao za fedha na za nyumbani zikawa zinajulikana na watoto.

Yoeli alitueleza kwamba kioo cha simu hakisikii nguvu ya kidole, bali kinasikia umeme mdogo sana uliopo katika ngozi ya binadamu, na kwamba ngozi iliyokomaa kwa jembe huupitisha kidogo mno, kiasi kwamba simu huudhani kuwa ni uchafu na kuupuuza. Aliandika programu inayomwomba mwenye simu aguse kioo mara kadhaa siku ya kwanza, ikajifunza mkono wake, kisha ikabadilisha kipimo chake ili kimfae yeye. Kazi hiyo ilimchukua mwaka mzima na zaidi, na alipoimaliza aliiita Mkono wa Yeyo, yaani mkono wa mama.

Ndugu Krunal, ambaye alielewa biashara ya simu, alimwonya mapema kwamba kitu kama hicho hulindwa kwa hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake, na kwamba hataza hupewa kitu ambacho bado hakijaonekana hadharani. Alimwambia, "Usimwonyeshe mtu yeyote, hata mama yako," na Yoeli akamjibu, "Sasa nitampima nani, wewe? Vidole vyako laini kama mkate." Walicheka wote wawili, na karatasi za maombi zikaanza kuandaliwa polepole, kwa kuwa wakili alikuwa Dar es Salaam na kila mchoro ulirudishwa kufanyiwa marekebisho.

Ninyi nyote mnajua desturi ya usharika huu, kwamba kitu cha kwanza mtu anachokipata, yawe maziwa ya ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza, au mshahara wa kwanza wa kijana, huletwa madhabahuni siku ya mavuno kabla ya kutumika. Mama Nashipae alikataa kuitumia simu ile hadi iombewe. Yoeli hakusita, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye wapo waliosema kwamba alishurutishwa na mama yake, na hakushurutishwa. Jumapili ya tarehe 9 Agosti 2015 aliiweka simu hiyo juu ya sinia, akapanga mstari pamoja na wenye mikungu ya ndizi na madebe ya mahindi, na Mwinjilisti Joel, aliyeongoza ibada siku hiyo, alipomfikia alimuuliza, "Ndugu Yoeli, na hili nalo ni zao gani?" Watu wakacheka, naye akaombwa aeleze, akaeleza yote mbele ya kusanyiko, jinsi kioo kinavyosikia na jinsi programu inavyojifunza, kwa maana hakujua kueleza kitu nusu. Kisha mama yake akaitwa mbele, akaandika ujumbe kwa kidole chake mwenyewe, na Silantoi, aliyekuwa kwenye viti vya kinamama, akausoma kwa sauti, nao ulikuwa unasema, "Umefunga mbuzi?" Vigelegele vilipigwa. Kijana mmoja wa kwaya alirekodi tukio lote kwa picha ya video na kuliweka kwenye ukurasa wa kwaya jioni hiyo, kama ilivyo kawaida yao, na hakuna aliyeona ubaya.

Ndugu Krunal aliiona picha hiyo Jumatatu asubuhi dukani kwake. Alifunga duka, akaja Sakina, akamwambia, "Umeshaitoa sadaka, kaka, sasa hataza utaombea nini?" Yoeli alimjibu kwamba pale hapakuwa na mfanyabiashara wa simu hata mmoja, walikuwa watu wa Kikwe na Mungu. Nasema wazi kwamba jibu hilo lilikuwa la haki kwa namna sisi tunavyoishi, na lilikuwa kosa kwa namna sheria za wenzetu zilivyoandikwa. Maombi yalipelekwa tarehe 23 Novemba 2015 katika nchi mbili za ng'ambo ambako simu nyingi hutengenezwa na kuuzwa, na baada ya uchunguzi hataza ilitolewa katika nchi zote mbili, kwa jina la Yoeli Lemburis Simel akiwa mvumbuzi, na ikiwa mali ya ubia wake na Ndugu Krunal.

Mwezi Mei 2016, wakati maombi yangali yanachunguzwa, kampuni moja kubwa ya kutengeneza simu, ambayo kwa ushauri wa wakili wetu siitaji, ilimwita Nairobi, ikamsikiliza siku nzima, ikaomba nakala ya programu ili iijaribu, na kuahidi kwa maandishi kwamba ikiridhika itazungumza naye habari za leseni. Alirudi na furaha nyingi. Baada ya hapo barua zake hazikujibiwa, na alipopiga simu aliambiwa kila mara kwamba mhusika amehamishwa idara. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alifika karakana ya Sakina na simu mpya ya kampuni hiyo, Yoeli akajitolea kumwekea Mkono wa Yeyo, na yule bwana akamwambia, "Fundi, usijisumbue, hii imekuja nayo toka kiwandani." Akaifungua, na kweli, ilimwomba mteja aguse kioo mara kadhaa, ikajifunza mkono wake.

Kesi zilifunguliwa dhidi ya kampuni hiyo katika nchi zote mbili tarehe 4 Machi 2019, na kuanzia hapo maisha ya ndugu yetu yalikuwa ya kungoja. Sitawasomea tarehe zote za mashauri, kwa kuwa mengi yaliahirishwa. Mawakili wa kampuni walidai picha za viganja vya Mama Nashipae vikiwa vimewekewa rula pembeni, zikapelekwa, wakasema hazionyeshi kwamba ni mkulima, zikapelekwa nyingine akiwa shambani ameshika jembe, wakasema jembe linaweza kuazimwa. Mama mwenyewe aliposikia hayo alisema, "Waje basi waazime na shamba, palizi limenichosha."

Katika nchi ya kwanza, kampuni ilileta mbele ya mahakama ile picha ya kwaya yetu. Ibada ya mavuno ya usharika huu ilitafsiriwa kwa Kiingereza neno kwa neno, sala ya Mwinjilisti Joel ikiwemo, na mahali pa vigelegele mfasiri aliandika kwamba wanawake wanapiga makelele. Walisema, kwa ushahidi huo, kwamba Yoeli Simel alikwisha kuuonyesha uvumbuzi wake hadharani kabla ya kuomba hataza, kwa hiyo haulindwi tena. Mahakama ilikubali, na tarehe 14 Oktoba 2022 hataza ya nchi hiyo ilifutwa.

Katika nchi ya pili sheria ni nyingine, kwani mvumbuzi aliyeonyesha kitu chake mwenyewe husamehewa akiomba ndani ya mwaka, na kwa hiyo picha ile haikuwafaa. Huko kampuni hiyohiyo, katika mwaka uleule, ilidai kwamba uvumbuzi ni wa wahandisi wake, na kwamba Yoeli alikuwa fundi wa kubadilisha vioo asiyeweza kuubuni. Nimefanya kazi na karatasi maisha yangu yote, na sijapata kuona watu wakiapa katika mji mmoja kwamba mtu amefanya jambo, na kuapa katika mji mwingine kwamba hakulifanya, bila yeyote kuwauliza. Yoeli aliliuliza hilo kwa maandishi, na akajibiwa kwamba hayo ni mashauri mawili tofauti. Jibu hilo lilimuumiza kuliko kufutwa kwa hataza, maana kushindwa alikuelewa, bali hilo hakulielewa hadi mwisho.

Mapema mwaka 2024 alianza kupata shida ya kumeza chakula. Alichunguzwa katika Hospitali ya Mount Meru, kisha KCMC, Moshi, ambako tarehe 22 Mei 2024 aliambiwa kuwa ana saratani ya umio, akaanza matibabu, akapata nafuu, akarudi kazini Sakina kwa miezi michache. Katika nafuu hiyo, mwezi Septemba 2024, kampuni ilileta pendekezo la kumaliza kesi iliyobaki. Ilikuwa tayari kulipia leseni ya simu zote zilizokwisha kuuzwa na zitakazouzwa, kwa sharti kwamba jina lake litolewe kwenye hataza, na kwamba yeye, mke wake, watoto wake na warithi wake wasitamke tena, kwa maandishi wala kwa mdomo, mbele ya mkutano wowote, kwamba Mkono wa Yeyo ni uvumbuzi wake. Ndugu Krunal, kwa nia njema na kwa kuona hali ya mwenzake, alimsihi akubali, akamwambia, "Chukua, kaka, jina haliuzwi sokoni." Yoeli alimuuliza, "Kama haliuzwi, wao wanalitakia nini?" Akakataa, na Ndugu Krunal, ambaye naye angepata sehemu yake, hakuzungumza naye kwa wiki kadhaa, kisha akaja mwenyewe kumpeleka Moshi kwa gari lake, na akaendelea kumpeleka hadi mwisho.

Hali yake ilibadilika mwezi Aprili mwaka huu. Alilazwa tena KCMC tarehe 19 Mei, na akafariki dunia Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Siku ya pili baada ya kifo, mawakili wa kampuni walimpelekea Silantoi salamu za rambirambi pamoja na mkataba uleule, wakisema kwamba nafasi bado ipo, ili mradi hadi siku ya kusaini pasitolewe tamko lolote la hadharani. Kwa hiyo Jumanne tarehe 10 Juni ukoo ulikaa kuamua kama historia hii isomwe au isisomwe. Ndugu yake marehemu, Yiamat Lemburis Simel, alisema, "Baba mdogo, soma alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua. Kwenye kazi sema alikuwa fundi wa simu, si uongo. Watoto wanataka ada, na yeye hatasikia." Hakusema jambo la kipuuzi. Silantoi alisema, "Shemeji, mwalimu akimuuliza Lemomo baba yako alifanya nini, amjibuje? Aseme nimekatazwa?" Yiamat akamjibu kwamba mtoto atakua na ataelewa, naye akamwambia, "Hayo ya kuelewa ndiyo ninayoyaogopa."

Mama Nashipae aliomba asomewe mkataba, Ndugu Krunal akausoma na kuutafsiri polepole, na alipofika kwenye sharti la kutotamka mbele ya mkutano, Mama alimkatiza akauliza kama kanisa nalo ni mkutano. Akaambiwa ni mkutano. Alisema, "Sisi tulikwisha kusema pale mbele, na mwinjilisti akaitikia amina. Nikisaini, nitakuwa nimekwenda kumwambia Mungu kwamba tulimletea kitu cha wizi." Silantoi aliurudisha mkataba bila saini, na Ndugu Krunal, ambaye ridhaa yake pia ilihitajika, aliukunja akasema, "Isomwe." Yiamat hakuafiki, na ameomba ijulikane kwamba hakuafiki, lakini ndiye aliyesimamia kuchimbwa kwa kaburi, na leo ndiye atakayemshusha ndugu yake.

Wapo mtakaoona kwamba tumewanyima watoto haki yao kwa ajili ya maneno. Nami nimelifikiria hilo kila siku tangu Jumanne, na sijalimaliza. Kesi ya nchi ya pili imepangwa kuendelea tarehe 18 Septemba 2025, na Silantoi Saruni Mollel ataingia mahali pa mumewe. Inawezekana akashindwa. Nimeombwa kuyasema haya yote hadharani, nami nimeyasema hadharani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Mount Meru na wa KCMC, ambao hawakuchoka naye, majirani wa Kikwe mliotuletea kuni, maji na chakula na kulala nasi matangani, wafanyakazi wa karakana ya Sakina, wafanyabiashara wenzake wa Tengeru na wa mjini, Ndugu Krunal Jayant Raval na mama yake, Bibi Nirmala Raval, uongozi wa usharika, na kwaya, ambayo marehemu hakuilaumu hata siku moja, na aliniagiza mimi niwaambie hivyo vijana wake.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, kaka mmoja na dada mmoja.

Yoeli Lemburis Simel, mvumbuzi wa Mkono wa Yeyo, mapumziko yako na yawe ya amani.